Jirani alinifundisha mahamri, sasa mteja wake ananitaka mimi

Shikamoo Bi Mkubwa,

Mimi ni msomaji wako wa kimyakimya, sijawahi kuandika, ila hili limenikaa kooni na hapa nilipo sina wa kumwambia maana kila mtu ninayemjua mji huu nilijulishwa na huyohuyo mama ninayetaka kumzungumzia.

Kwetu ni Tabora. Mume wangu ni mtu wa Lamu, tulikutana Dar yeye yuko kwenye maboti mimi nauza duka la vitambaa Kariakoo, tukaoana mwaka mmoja kabla ya korona akasema turudi kwao. Nikajiambia Kenya si mbali, Kiswahili ni hichohicho, nitazoea tu. Kumbe. Yeye anatoka kabla ya jua kwenda kupakia abiria wa Mokowe anarudi usiku, mimi nabaki ndani ya nyumba ya mawe sijui niende wapi, nikitoka vichochoro vyote vinafanana, punda anapita inabidi ujibanze ukutani, watu wanaongea haraka nashika nusu. Sokoni pale karibu na ngome nilikuwa naogopa hata kuuliza bei ya samaki manake mdomo tu ukifunguka wanajua wewe si wa hapa. Nilikuwa napika ugali na dagaa kila siku, nakula peke yangu, nalia.

Mlango wa huyu mama na wangu vinaangaliana, ukinyoosha mkono dirishani unaweza kumpa mtu kikombe. Siku moja nasikia hodi, namkuta ameshika sinia limefunikwa kawa, ndani wali wa nazi, samaki wa kupaka na achari ya embe. Akaniambia "Wewe mwana, mbona hutoki? Ndoo ule." Bi Mkubwa sijui nieleze vipi, mimi nilikula hadi nikaona aibu. Tangu siku hiyo sikuwa mgeni tena. Akanipeleka sokoni akanionyesha changu, tafi, nguru, yupi wa kukaanga na yupi wa mchuzi, akanijulisha kwa wauzaji "huyu ni mwanangu msimpandishie bei." Nilipojifungua mtoto wa pili mama yangu hakuweza kuja, huyu mama ndiye alinikanda na maji moto na kunifunga tumbo kwa leso arobaini nzima. Ramadhani ya kwanza magharibi ikikaribia sahani zinavuka kichochoro huku na huku, watoto wanapishana, na mimi nikaanza kutoa yangu. Mama alinitumia michembe, vile viazi vitamu vikavu vya kwetu, kutoka Tabora nikaipika na karanga, mama jirani akacheka kwanza halafu akaomba tena.

Na ndiye alinifundisha mahamri. Siyo maandazi yetu yale. Alinikalisha kwenye mbuzi nikakuna nazi, akanikataza kutia maji mengi, ni tui la kwanza tu, iliki inatwangwa na sukari kidogo isirukeruke kwenye kinu, unga unalala usiku kucha. Na kwenye karai, ukishatia hamri usikae unaliangalia, unalimwagia mafuta ya moto juu kwa kijiko haraka haraka mpaka livimbe. Yangu ya mwanzo yalikuwa kama soli za ndara, alikula yote anasema matamu.

Sasa yeye ndiyo kazi yake. Anauza mahamri na mbaazi barazani kwake kila asubuhi, na kuna gesti moja Shela, kijiji cha jirani wanakofikia watalii, anawapelekea kila siku, mtoto wa dada yake ndiye anayebeba. Juzi kati kulikuwa na harusi, sisi wanawake tulipika, mimi nikawekwa kwenye karai la mahamri. Meneja wa hiyo gesti alikuwepo akala, akauliza nani kapika, akapewa namba yangu. Akanitumia voisi wasapu, anataka mahamri kila asubuhi na sambusa jioni, eti "yule mama siku hizi anachelewa, wageni wanakaa mezani hakuna kitu, amechoka."

Nyumbani hali si nzuri, kusi likipiga abiria wanapungua na wazungu hawapo, ada zinadaiwa. Mume wangu anasema kazi ni kazi, wewe hukumfuata, kakufuata mwenyewe. Mama yangu nilipompigia akasema riziki ya mtu aliyekupokea usiiguse hata kama unalala njaa. Na wifi yangu mmoja ana maneno, alishasema mbele yangu watu wa bara wanakuja na begi tupu wanaondoka na mji. Nikichukua hii oda atapata la kusema mpaka kiyama.

Bado sijamjibu meneja. Mama jirani alileta kaimati kwenye bakuli lake la buluu na hapa bakuli halirudi tupu, nimepika kitu mara kadhaa nikashindwa kuvuka, naona atanisoma usoni. Lipo pale kwenye shelfu linaniangalia. Jana kaniita dirishani "mbona umenitupa?" nikasema mtoto ana homa.

Nifanyeje?

Mgeni wa Langoni

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza nikwambie nimebadilisha mambo mawili matatu kwenye barua yako kabla ya kuichapisha, maana ulivyoandika mtu yeyote wa mtaa wenu wa Langoni angekujua kabla ya kufika mstari wa tatu, angekuja kukugongea mlango na ushauri wake. Hata hivi sina uhakika. Kichochoro chenye mama wa mahamri na mke wa nahodha kutoka Tabora... haya, tuombe Mungu viwe vingi.

Nilivyokuelewa mimi, huna shida na kazi. Kazi unaitaka na pesa inahitajika, hilo umelipitia haraka kwa mstari mmoja lakini nimeliona, ada hazingoji kaskazi. Kinachokukosesha usingizi ni kwamba mtu wa kwanza kukufungulia mlango nchi ya watu, aliyekulisha, aliyekukanda uzazi, ndiye huyohuyo ambaye ukisema ndiyo asubuhi yake moja itapungua. Na umeogopa kumwambia mpaka umeanza kumkimbia. Hapo kwenye kumkimbia ndipo mimi nilipostuka zaidi kuliko kwenye oda yenyewe, kwa sababu oda bado hujaichukua na tayari ushampoteza kidogo.

Hebu nikuulize kitu. Unalihesabu lile sinia kama deni, sivyo? Wali, samaki, arobaini, mahamri, vyote umeviandika mahali moyoni. Sidhani yeye ameviandika. Huku kwetu kupeleka sahani kwa jirani ni kama kufagia mlango, mtu anafanya kabla hata hajafikiria, na wengi wetu tumekua tukisikia ile hadithi ya Mtume (SAW) alivyomwambia Abu Dharr ukipika mchuzi zidisha maji uwakumbuke jirani zako. Wewe umeshapeleka sahani zako, umempikia michembe akaomba tena, mtoto wako anakulia mlangoni kwake. Kwa hiyo sijui kama kuna deni la aina unayoliogopa wewe. Ila na mimi nisikudanganye, mtu anaweza kukupa kwa moyo mmoja asikudai hata siku moja na bado akaumia siku atakayosikia mteja wake yuko kwako. Kuumia hakuhitaji daftari.

Na hapa nataka utenganishe vitu viwili maana kwenye barua umevifunga kwenye leso moja. Mahamri si yake. Yalikuwepo kabla ya bibi yake, nenda nyumba yoyote Lamu, Malindi, Mombasa, utakuta karai. Alichokufundisha alikupa, na ulipowekwa kwenye karai la harusi nina hakika alikuwa wa kwanza kujisifu. Lakini ile gesti ya Shela ni yake. Hiyo alihangaikia, aliamka usiku, alimtuma mtoto wa dada yake kwenye mvua. Ungekuwa umeniandikia kwamba unataka kufungua meza yako ya mahamri mtaa mwingine ningekujibu tofauti kabisa, na pengine wewe mwenyewe usingekuwa na la kuuliza.

Halafu huyu meneja. Unalo neno lake tu, na neno la mtu anayetafuta muuzaji mpya. Anasema mama anachelewa, amechoka. Amechelewa kwa nini, unajua? Wewe unayeishi mlango kwa mlango naye ndiye ungejua kama magoti yanamsumbua, au kijana anayebeba ndiye anachelewa kuamka, au boti la kwenda Shela halijai mapema. Au, na hili nalisema kwa sababu nimeishi mji wa watalii umri wangu wote, pengine mama amepunguza kukimbia kwa sababu hajalipwa. Zipo gesti zinazochukua vitu mwezi mzima halafu watalii wakipungua mwenyewe hapokei simu. Sisemi huyu ni mmoja wao, simjui. Nasema aliyekuwa anamuuzia anamjua, na huyo aliyekuwa anamuuzia humuulizi kwa sababu umejificha. Oda inayokuja kwa voisi nyepesi hivyo inaweza kuondoka kwa voisi nyingine, siku ambayo mtoto ana homa kweli na wewe ndiye uliyechelewa.

Ukikataa kimya, yaani ukamjibu meneja hapana na usimwambie mtu, nyumba itatulia kwa muda. Lakini mumeo anajua. Siku pesa ikikosekana itarudi, ulikataa kazi kwa ajili ya jirani, na utajikuta unamkasirikia yule mama kwa jambo ambalo yeye hata hajalisikia. Nimeona urafiki ukifa hivyo, upande mmoja haujui kosa lake ni nini.

Ukikubali kimya, mwanangu, Lamu? Harufu ya iliki itatoka dirishani kwako saa kumi alfajiri na dirisha lake liko mkono mmoja kutoka hapo. Kabla mafuta hayajapoa atakuwa ameshajua, na ataambiwa na mtu mwingine, na huyo mtu ataongeza chumvi. Inawezekana wifi yako.

Ipo njia ya kumwambia kwanza, kabla ya kumjibu meneja, na najua hiyo ndiyo unayoiogopa. Unaogopa atakasirika, mimi naona kuna jingine la kuogopa zaidi, kwamba atasema "chukua mwanangu, Mungu akubariki" kwa mdomo kwa sababu ya heshima, maana akina mama wa umri huo hawawezi kukwambia hapana usoni, na ndani ikabaki. Kwa hiyo ukienda usimuulize "naweza kuchukua?" Hilo swali lina jibu moja tu. Mwambie kilichotokea kama kilivyo, nani alisema nini, kwamba hujajibu, kwamba nyumbani kumebana, halafu nyamaza umwache aongee. Muulize magoti yake. Muulize huyo meneja analipaje. Usiongelee mlangoni watu wanapita, ingia ndani, nenda baada ya laasiri wakati karai limeshaoshwa. Na bakuli lipo, kisingizio unacho, tia hata michembe.

Inaweza kutoka kitu hapo ambacho wala mimi wala wewe hatukukifikiria. Pengine amechoka kweli na alikuwa anatafuta wa kumpokea. Pengine ana mtu wake, huyo mtoto wa dada au mkewe, ambaye alitaka amrithishe, na hapo utajua mapema badala ya kujua baadaye kwa ugomvi. Pengine mtafanya pamoja, yeye akakanda usiku wewe ukakaanga alfajiri. Wengi watakwambia hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote, mimi naiogopa kidogo. Pesa za watu wawili wanaopendana ni ngumu kuhesabu. Unga umenunua nani, gesi ya nani, kijana wa kubeba analipwa na nani, mwezi wa gesti kuchelewesha pesa nani anasubiri na nani anapewa kwanza? Mkienda hivyo semeni yote hayo siku ya kwanza, hata kama mnaona aibu, na muandike.

Kuna na zile sambusa za jioni. Kwenye barua yako mama anauza mahamri na mbaazi asubuhi, sikuona sambusa. Inawezekana ukampa meneja jioni na ukamwachia mama asubuhi yake. Pesa itakuwa ndogo kuliko uliyoihesabu, na meneja anaweza kusema anataka vyote au basi. Umeshamuuliza? Hata hizo michembe na karanga zako nimezifikiria, ingawa mzungu aliyefika Shela kula kitu cha Lamu sijui utamweleza vipi viazi vikavu vya Tabora. Ila kwa majirani, kwa Ramadhani, huenda.

Jambo moja umelipita na mimi nitalisimamia hapo, karatasi. Hukuandika unakaa Kenya kwa kibali gani. Kama ni mhuri wa mgeni unaogongewa mpakani Lunga Lunga kila ukitoka kwenu, huo ni wa kutembea, haukupi ruhusa ya biashara, na soko la pamoja la Afrika Mashariki tulilonalo tangu 2010 halijaondoa vibali. Ukiuza sahani kwa jirani hakuna atakayekuuliza, lakini gesti yenye leseni inaweza kukuomba karatasi, na aliyekasirika naye anaweza kukusemea. Sheria ya Kenya inamruhusu mke wa Mkenya kuomba ukaazi wa kudumu akishatimiza miaka 3 ya ndoa, na Katiba ya 2010 inampa haki ya kuomba uraia ndoa ikifika miaka 7. Mlioana kabla ya korona kwa hiyo ukaazi wa kudumu ungekuwa ushauombea kitambo. Uraia ufikirie mara mbili, Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili, ukichukua wa huku wa kwenu unaondoka, na mama yako Tabora ana haki ya kulijua hilo kabla. Tafuta cheti chenu cha ndoa, muende na mumeo ofisi ya uhamiaji muulize. Ukianza kupikia watu utahitaji pia leseni ya kaunti na cheti cha afya cha wapishi, hicho unapimwa kila baada ya miezi 6. Mama jirani atakwambia panapopimwa.

Na mumeo nina neno naye. Anasema kazi ni kazi. Sawa. Lakini yeye ndiye mtoto wa mtaa, huyo mama amemjua anakimbia bila suruali kwenye hicho kichochoro, kwa nini wewe uliyetoka mbali ndiye ubebe mazungumzo peke yako? Sisemi aende badala yako, wanaume wakiingia kwenye mambo ya karai mara inakuwa kesi ya wazee. Nasema ajue unakwenda kusema nini, na wifi yako akianza, yeye ndiye wa kumnyamazisha, ni dada yake.

Kuhusu maneno ya wifi. Umesaini "Mgeni wa Langoni." Habib Swaleh, yule mwanachuoni mkubwa wa Lamu, alitoka Ngazija kule Komoro, akakaa hapohapo Langoni, akaacha msikiti wa Riyadha, na mfungo sita ukifika watu wanakuja Lamu kutoka kila pembe kwa ajili ya Maulidi aliyoyasimamisha mtu aliyekuja kwa jahazi. Sikwambii utamshinda wifi kwa hoja hiyo, mawifi hawashindwi kwa hoja. Nakwambia tu usiache neno lake ndilo likuamulie, kukubali wala kukataa. Ukikataa kwa kuogopa wifi, mama jirani hajafaidika chochote.

Mtu akija kwangu na jambo kama hili huwa namuuliza, baada ya mwaka ungependa nani awe anakuita dirishani? Wewe jibu lako nadhani nalijua lakini sina ada za watoto wako za kulipa, kwa hiyo uzito wake unaujua wewe.

Meneja usimjibu kwa voisi. Mwandikie kwamba umepokea na utamwambia wiki ijayo, akishindwa kungoja wiki basi na hilo ni jibu. Ukimpata ana kwa ana muulize mahamri mangapi kwa siku, bei gani, analipa kila wiki au mwisho wa mwezi, na mwezi wa tano gesti ikiwa tupu oda inabaki au inakatika.